Ndege ya Dola Moja



Juma hili tuliketi barazani na wazee wa jamaa moja waliotuletea ugomvi wa samadari. Kitanda chenyewe ni cha miguu ya kukereza, na kilitoka nyumba moja kikaenda nyumba ya pili kwa ajili ya harusi, miaka thelathini na ushei iliyopita. Waliokitoa wanasema kiliazimwa. Waliokipokea wanasema walipewa. Walioshuhudia siku ile wametangulia mbele ya haki, na hati hakuna. Tulipowasikiliza kwa muda tukatambua kwamba hapana hata mmoja kati yao aliyetaka kukilalia kile kitanda. Kilichowaleta ni neno. Mtu mmoja wa upande wa pili alisema mbele ya wageni kwamba marehemu mama wa hawa wa kwanza hakupata kumiliki samadari maishani mwake. Kwa neno hilo watu wazima wenye mvi walikuwa tayari kwenda kwa kadhi.

Tuliporudi nyumbani tukakumbuka kisa cha ndege moja iliyoko Marekani, katika mji wa Washington, ambayo nayo iligombewa kwa sababu ya neno, na ugomvi wake ukadumu karibu miaka thelathini. Kina mama waliotuambia kwamba safu hii imezidi kuwa ya mirathi watuwie radhi. Leo pia ni mirathi, ila hii ina mabawa.

Ndege hiyo ni ile ya ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, watengenezaji wa baiskeli wa mji wa Dayton, katika jimbo la Ohio. Ina safu mbili za mabawa, moja juu ya nyingine, zilizoshikwa kwa vijiti na waya, na upana wake kutoka ncha hadi ncha ni kama mita 12. Injini yake, ya nguvu za farasi kama 12 hivi, iliundwa na fundi wao wa karakana, Charlie Taylor. Mabawa yalivikwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa, cha jamii ya ile merikani ambayo mabibi zetu waliijua vyema. Walikikata na kukishona wenyewe kwa cherehani.

Hapa kwenye cherehani tutakawia kidogo. Miaka mitatu kabla, mwaka 1900, Wilbur alikwenda kwenye fukwe za mchanga za Kitty Hawk, jimbo la North Carolina, kujaribu chombo chao cha kwanza kisicho na injini. Hakupata mbao ndefu kama alizotaka, ikambidi ayafupishe mabawa na kukikata upya kitambaa chake cha satini. Alikishona kwa cherehani ya mama wa nyumba aliyomkaribisha, Bi Addie Tate. Majaribio yalipokwisha na ndugu hao wakawa wanarudi kwao, chombo kile kiliachwa mchangani. Bi Tate akakivua kitambaa, akawashonea mabinti zake wawili magauni. Mama yule aliona satini nzuri na watoto wasio na nguo mpya, na wenye chombo walikuwa wamekiacha kwa ridhaa yao. Katika historia yote ya mali za akina Wright, huo ndio uhamisho wa milki ambao haukumwudhi mtu yeyote.

Tarehe 17 Desemba 1903, hapo hapo karibu na Kitty Hawk, ndege yenye injini iliruka na Orville akiwa juu yake. Ilikaa hewani kwa sekunde 12, ikaenda mita 36 na kidogo. Siku ile iliruka mara nne, na mara ya mwisho, Wilbur akiiendesha, ilikaa sekunde 59 na kwenda kama mita 260. Watu watano walishuhudia. Kisha upepo ukaipindua, ikavunjika, na tangu saa ile haikuruka tena. Ndege hii ambayo mataifa mawili yaliionea fahari ilifanya kazi yake yote chini ya dakika mbili. Maisha yake yaliyobaki ni ya kumilikiwa tu.

Na mwanzoni ilimilikiwa kwa mapuuza. Ilifungwa masandukuni ikarudishwa Dayton, ikawekwa bandani nyuma ya duka la baiskeli. Mwaka 1906 baadhi ya vyuma vya injini yake viliazimwa kwa maonyesho ya New York, na havikurudi. (Tuliwatajia wazee wa samadari jambo hili, wakacheka kidogo, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza siku ile.) Wilbur akafariki kwa homa ya matumbo mwezi Mei 1912, akiwa na umri wa miaka 45. Mwaka uliofuata gharika kubwa iliikumba Dayton, na masanduku yale yakazama katika maji ya matope kwa siku kadhaa. Si Wilbur wala Orville aliyepata kuoa wala kuzaa. Ndege ikabaki kwa Orville peke yake, imelowa tope.

Ugomvi ulitokea upande mwingine. Huko Washington kuna Taasisi ya Smithsonian, mlinzi wa makumbusho ya taifa. Mkuu wake wa zamani, Profesa Samuel Langley, alikuwa naye akijenga chombo cha kuruka, na serikali ilimpa dola 50,000 kwa kazi hiyo, ilhali ndege ya akina Wright haikuwagharimu hata dola 1,000. Chombo cha Langley kilirushwa kutoka juu ya mashua katika mto Potomac tarehe 7 Oktoba 1903, kikaanguka majini. Kikarushwa tena tarehe 8 Desemba, kikaanguka tena. Siku tisa baadaye mafundi wa baiskeli wakaruka. Langley alifariki mwaka 1906, baada ya kudhihakiwa sana magazetini, na waliomrithi pale Smithsonian walikuwa marafiki zake. Sisi hatuwalaumu kwa kumpenda. Mtu mwenye elimu yake alichekwa na watu wasiojua hata theluthi ya alichokijua, na ni tabia ya wanafunzi wema kutaka kumfunika mwalimu wao aibu. Tatizo ni walivyomfunika.

Mwaka 1914 Smithsonian ilimpa Glenn Curtiss dola 2,000 akifufue chombo cha Langley na kukijaribu. Curtiss alikuwa mtengenezaji wa ndege, tena alikuwa ameshindwa katika kesi na akina Wright juu ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi kisheria. Kama ingeonekana kwamba chombo cha Langley kingeweza kuruka kabla ya ndege ya akina Wright, Curtiss angepata faraja mahakamani. Mtu wa aina hiyo hafai kuwa shahidi katika jambo hilo, na msomaji hahitaji kuwa kadhi ili aone hivyo. Curtiss alikipeleka chombo kwenye ziwa moja katika jimbo la New York. Akabadilisha mabawa, akaimarisha viungo, akakitia maboya ya kuelea, kikainuka juu ya maji kidogo kidogo. Kaka yao akina Wright, Lorin, alikwenda huko mwaka uliofuata akijificha kwa jina jingine ili apige picha za yale mabadiliko. Watu wa Curtiss wakamtambua na kumnyang'anya filamu. Baada ya majaribio chombo kilirejeshwa katika umbo lake la zamani, kikawekwa makumbushoni na kubandikwa maelezo kwamba hicho ndicho chombo cha kwanza duniani kilichokuwa na uwezo wa kuruka na kumbeba mtu. Mabadiliko hayakutajwa.

Tuliangalie vyema neno lile. Halikusema kiliruka. Lilisema kilikuwa na uwezo wa kuruka. Uwongo mzito mara nyingi husimama juu ya neno dogo la namna hiyo, ambalo mwenye kulisema aweza kulitetea mbele ya watu na mwenye kulisikia hulichukua kwa maana nyingine kabisa.

Orville aliwaomba wakuu wa Smithsonian wachapishe orodha ya mabadiliko yale ili wasomaji wajihukumie wenyewe. Hawakukubali. Alikuwa mtu mkimya, mwenye haya, asiyependa kuhutubia. Hakuwa na gazeti wala chama. Alichokuwa nacho ni ndege. Akaikarabati mwaka 1916, akaionyesha mahali mahali, na mwaka 1925 akatangaza kwamba ataipeleka Uingereza, katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London. Wananchi wenzake wakamlaumu. Alijibu kwa maana ya kwamba kuwepo kwa ndege ile ugenini kutawakumbusha kila siku sababu iliyoipeleka huko. Mwaka 1927 aliivua kitambaa chake cha zamani akaivika kipya cha aina ile ile, kama mtu anayemvisha binti yake kabla ya safari, na mapema mwaka 1928 ikasafiri.

Katika miaka hiyo hiyo Orville aliingia katika ugomvi mwingine ambao wanahistoria hauwashughulishi sana, nasi tunauona kuwa sehemu ya kisa hiki. Alikuwa na dada mmoja, Katharine. Mama yao alifariki mwaka 1889, Katharine akiwa na miaka 14, na tangu hapo aliilea nyumba ile. Alihitimu chuo cha Oberlin akawa mwalimu wa Kilatini. Mwaka 1908, Orville alipoanguka na ndege na kuvunjika paja na mbavu, Katharine aliacha darasa lake akaenda kumwuguza, wala hakurudi tena kufundisha. Alipokuwa na miaka 52, mwezi Novemba 1926, aliolewa na Henry Haskell, mwandishi wa gazeti la Kansas City, mjane waliyejuana tangu ujana. Orville aliona kwamba ametupwa. Hakuhudhuria arusi. Hakujibu barua. Mapema mwaka 1929 Katharine akaugua kichomi. Lorin alimshika nduguye hadi akakubali kwenda, akafika dada yao akiwa katika pumzi zake za mwisho. Alifariki tarehe 3 Machi.

Tumekitaja kisa hiki kwa sababu mtu yule yule, kwa moyo ule ule mgumu, alikuwa na haki kamili mbele ya Smithsonian na hakuwa na haki yoyote mbele ya dada yake. Ugumu uliomsaidia kungoja kweli miaka mingi ndio uliomnyima miaka miwili na ushei ya mwisho ya mtu aliyempa maisha yake. Ndege alijua kwamba aweza kuipeleka ng'ambo kisha akairejesha.

Turudi London. Ndege ilikaa huko miaka 20. Vita vikaja, ikahifadhiwa mbali na mabomu. Pale Smithsonian alikuwa amekuja mkuu mpya, Charles Abbot. Mwanzo alijaribu kuyalainisha maneno ya kibandiko, lakini kulainisha si kukiri, na Orville hakutikisika. Ilichukua hadi Oktoba 1942. Ndipo Abbot alipochapisha waraka uliotaja mabadiliko ya mwaka 1914 moja baada ya moja, na kukiri kwamba taasisi yake ilitoa kauli zisizo na msingi juu ya majaribio yale. Abbot hakuwa yeye aliyetenda kosa. Alirithi deni la watu waliokwisha kufa, akalilipa kwa jina lake. Kati ya watu wote wa kisa hiki, huyu ndiye tunayempa heshima zaidi, na jina lake hakuna alijuaye.

Sasa sikilizeni jambo la wasia, kwa kuwa hapa kuna fundisho kwa wale wanaotuuliza kila mara kama karatasi ni lazima. Mwaka 1937 Orville aliandika wasia kwamba ndege ibaki London baada ya kufa kwake, isipokuwa awe amebadilisha shauri hilo kwa barua. Mwezi Desemba 1943, baada ya kuuridhia waraka wa Abbot, aliliandikia jumba la London kwamba ndege irudi Marekani vita vikiisha, na nakala yake itakapokuwa imetengenezwa. Kisha tarehe 30 Januari 1948, akiwa na umri wa miaka 76, akafariki na ndege ikiwa bado ng'ambo. Barua ile iliuvunja wasia kwa upande wa London. Lakini kuvunja wasia si kumpa mwingine. Ndege ikarudi katika tirka, mikononi mwa wasii wawili, wote wakwe, waume wa mabinti wa nduguze marehemu. Lau barua ile isingekuwepo, ndege ingekuwa London mpaka leo, kwa haki kabisa, na hapana Mmarekani ambaye angekuwa na la kusema.

Wasii na warithi waliafikiana kwamba ipewe Smithsonian. Haikutolewa kuwa zawadi. Iliuzwa, kwa mkataba wa tarehe 23 Novemba 1948, na bei yake ilikuwa dola moja. Dola ile haikuwa thamani ya ndege. Ilikuwa ya kuufanya mkataba kuwa uuzaji, na uuzaji una masharti. Sharti kuu lilikuwa hili: Smithsonian, au yeyote atakayeirithi, akitamka au kubandika popote kwamba kuna ndege ya kabla ya ile ya 1903 iliyokuwa na uwezo wa kumbeba mtu kwa nguvu zake yenyewe na kuongozwa, basi mauzo yamebatilika na ndege hurudi kwa ukoo wa Wright. Hata maneno ya kibandiko kitakachowekwa mbele ya ndege yaliandikwa ndani ya mkataba.

Ndege ilivuka bahari kwa meli ya Mauretania. Kwa kuwa makuli wa bandari ya New York walikuwa katika mgomo, iliteremshwa Halifax, Kanada, ikamaliziwa safari na manowari ya Marekani. Tarehe 17 Desemba 1948, miaka 45 kamili tangu iruke, ilitundikwa Washington mbele ya watu, na balozi wa Uingereza akiwapo kuikabidhi. London walibaki na nakala iliyoundwa na wanafunzi wa ufundi.

Sharti lile lipo hadi leo, na limezaa shida yake. Wapo wanaoamini kwamba Gustave Whitehead, mhamiaji kutoka Ujerumani, aliruka katika jimbo la Connecticut mwaka 1901. Mwaka 2013 jimbo hilo lilipitisha hata sheria ya kumtambua. Wanahistoria wengi hawakubali, kwa kuwa ushahidi ni hafifu, nasi tunaona wana sababu. Lakini Smithsonian isemapo hivyo, wafuasi wa Whitehead huuliza: taasisi hii ingeweza kusema kinyume bila kuipoteza ndege? Swali hilo halina jibu zuri. Warithi walitaka kuilinda kweli kwa kuifunga kamba, na matokeo yake anayeisema kweli hiyo huonekana kama shahidi mwenye maslahi. Huku pwani tunalo wakfu, mali iliyotolewa isiyouzika wala kurithiwa, na ambayo waqifu aweza kuiwekea masharti ya matumizi. Hatukumbuki, katika hati zote za wakfu tulizozisoma, kuona sharti linalomzuia mtunzaji kutoa rai. Hata hivyo hatuwezi kumsahau yule mzee aliyengoja tangu 1914 hadi 1942 ili aambiwe jambo alilokuwa akilijua. Tungekuwa sisi wasii wake, huenda nasi tungetia sahihi.

Ndugu wale wa samadari tuliwasimulia kisa hiki kwa muhtasari. Bibi mmoja mkubwa, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akauliza: "Na dada yao naye alipewa fungu gani?" Tukamjibu kwamba alikufa kabla. Akatikisa kichwa, kisha akamgeukia yule aliyelisema lile neno mbele ya wageni, akamwambia alifute hapo hapo, mambo ya kitanda yatakuja baadaye. Neno likafutwa. Kitanda bado.

Anayekwenda Washington sasa huiona ndege katika jumba la makumbusho ya anga, imewekwa chini, karibu na macho. Kitambaa kilichoivika si cha 1903 wala cha 1927, kwa maana ilivikwa upya mwaka 1985. Vipande vya kitambaa cha kwanza vilitawanyika. Kimoja, pamoja na kijipande cha ubao wa rafadha, kilikwenda mwezini mwaka 1969 pamoja na Neil Armstrong. Kingine, kidogo mfano wa stempu ya posta, kilitolewa na makumbusho ya Dayton, kikafungwa kwa utepe kwenye waya wa helikopta ndogo isiyo na rubani, ambayo mwezi Aprili 2021 iliruka juu ya sayari ya Mirihi. Kingali huko.